Tawi la Mmoja, Ua la Mwingine

Kwacha, kwacha, kwacha. Mkasi wa shangazi ulisikika tangu mwanzo wa ukumbi, ukikata vipande vyembamba vya karatasi, na kijana aliyekuwa akija na mkoba kwapani akapunguza mwendo. Mkasi ule ulikuwa na lugha yake. Ukienda taratibu, shangazi yuko raha mustarehe. Ukienda haraka, kuna mtu atapashwa. Asubuhi ile ulikuwa unakwenda mbio.

Akasukuma mlango. Chumba cha mimea mikavu kilikuwa vilevile: makabati ya chuma yaliyosimama bega kwa bega mpaka ukutani, harufu ya gundi na dawa ya nondo, na kwenye meza ndefu chini ya dirisha, vifuko vya mchanga vikikandamiza karatasi nene zilizobandikwa matawi na maua yaliyokaushwa. Katikati ya vyote hivyo alikaa shangazi yake, miwani puani, vidole vimeganda gundi. Miaka ishirini na sita alikuwa akiifanya kazi hiyo. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Gundi, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto wa kumzaa, wenye ndimi ndefu katika ukoo walizoea kusema kwamba gundi ndiyo mwana wake wa pekee. Kijana aliyasikia hayo tangu utotoni na kila mara damu ilimchemka, maana baba yake alipofariki, ni mwanamke huyu aliyemchukua na kumlea, na mpaka leo walikaa nyumba moja, ingawa asubuhi ile shangazi alitangulia kutoka kabla hawajaonana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Hakuulizwa ameamkaje.

Pale kazini wenzake walimwambaa kijana kidogo, wakambandika jina la Pilipili, kwa sababu hakuwa na breki akiona kosa la mtu. Kazi yake ilikuwa kupanga mimea: huyu ni wa jenasi ipi, huyu ni spishi gani, nani ndugu wa nani. Miaka mitatu alikuwa kwenye kazi moja tu, kuupanga upya ukoo wa haibiskasi. Ua lenyewe kila mtu analijua, limejaa kwenye nyua za watu: petali tano pana, na katikati mrija mrefu uliobeba chavua ubavuni, wenye vichwa vitano vidogo nchani. Lakini anayetaka kuwatenganisha ndugu hao haangalii uzuri. Anainamia chini ya kikombe cha ua, kwenye vijani vyembamba vinavyokizunguka, avihesabu na kutazama kama ncha zao zimegawanyika. Anatazama vinyweleo vya shina kwa lenzi: huyu vimenyooka kama sindano, yule vimetawanyika kama nyota. Hata bamia alihesabiwa humo zamani, mpaka wataalamu walipoona kikombe chake kinachanika upande mmoja na kudondoka, wakamhamisha. Pilipili alipenda kuwachekesha wenzake wakati wa chai kwamba bamia alifukuzwa nyumbani kwa kosa la kuchana nguo mbele za watu.

Na katika ukoo huo kulikuwa na mmoja aliyebeba jina la shangazi.

Profesa mzee aliyekianzisha chumba kile, sasa ni marehemu, aliuleta mmea huo kutoka kwenye mlima wa mawe. Shangazi akaukausha na kuubandika. Profesa akautangaza kuwa mpya na kuupa jina la mbandikaji wake, likavishwa mkia wa Kilatini. Karatasi ile ikawa ndiyo msingi wa jina, ikawekwa kwenye jalada jekundu peke yake. Jina la mmea huning'inia kwenye karatasi moja ya aina hiyo. Karatasi ikianguka, na jina linaanguka. Kijana alikua akilitambia jina hilo. Ndugu wakianza maneno yao, aliwajibu kwamba majina ya watoto wao yatasahaulika makaburini, la shangazi limo vitabuni mpaka mwisho wa dunia.

Kumbe wiki ile alikuwa ameiweka karatasi yenyewe chini ya lenzi. Tawi lilikuwa na vinyweleo vya nyota. Kikonyo cha ua kilikuwa na vinyweleo vya sindano. Akafuata kikonyo kwa ncha ya sindano mpaka kilipokutana na tawi, na hapo hakuna kilichokutana na kingine: palikuwa na tone la gundi. Tawi lilikuwa la mmea wa kando ya vijito vya milimani unaojulikana miaka nenda miaka rudi. Ua lilikuwa la mwingine, ambao hata mbuzi wanaujua. Viumbe viwili vya kawaida vimeunganishwa, vikazaa cha tatu ambacho hakikuwahi kuota popote.

Sasa shangazi aliusukuma mkasi pembeni, akamgeuzia kijana bahasha ya makaratasi. Ilikuwa orodha ya karatasi zote alizozitumia kwenye kazi yake, ambayo kwa desturi ya pale lazima ipitie mkononi mwa Mama Gundi ahakiki namba za makabati. Kila karatasi mtaalamu huandika kandoni: *nimeiona*, au, ikiwa haikupatikana, *sijaiona*. Na ambaye hajaiona halazimiki kutoa hukumu. Jina huachwa lilivyo, litulie mpaka aje mwingine. Kidole cha shangazi kilikuwa kwenye mstari wa jina lake.

"Jumanne niliitoa mimi kabatini," alisema. "Nikakuletea mkononi. Umekaa nayo siku mbili. Leo umeandika hujaiona. Sasa nimepatwa na uzee mimi, au umepatwa na upofu wewe?"

Pilipili alijaribu kujitetea. Alianza kwamba ni makosa ya kuchapa, akarukia kwamba ile siku alikuwa na mengi, kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikijikanyaga. Halafu akasema yote: tawi, kikonyo, vinyweleo, gundi. Aliyasema akiangalia sakafu. Alimaliza kwa kusema kwamba akiandika ukweli, jina la shangazi linaanguka.

Shangazi aliinuka, magoti yakalia, akaenda kabatini na kurudi na jalada jekundu. Akaiweka karatasi chini ya lenzi, akavua miwani, akainama. Aliinama kwa muda mrefu mpaka kijana akaanza kuhesabu vifuko vya mchanga ili asimtazame mabega. Alitegemea mabega yatatikisika. Hayakutikisika.

"Gundi hii ni yangu," shangazi alisema mwishowe. "Naijua ninavyoiweka."

Akakaa, akaeleza. Sheria ya kwanza ya chumba kile, aliyomfundisha kila aliyeingia kujifunza kazi, ni kwamba kilichodondoka hakibandikwi tena. Kinatiwa kwenye kibahasha pembeni mwa karatasi, kwa sababu hakuna ajuaye kimetoka wapi. Siku alipoubandika mmea ule, vifurushi viwili vya mimea iliyokaushwa ndani ya magazeti vilifunguliwa kwenye meza moja, maua yakadondoka. Profesa alikuwa amemsimamia kichwani, macho yamekwisha kwa uzee, ana pupa ya kuutangaza mmea wake wa mwisho, akilalamika kwamba karatasi bila ua ni kama bibi harusi asiye na uso.

"Nilimhurumia mzee wa watu," alisema. "Nikaokota ua, nikabandika. Miaka yote hii nikijua ni la tawi lile." Akalifuta jicho moja kwa mgongo wa mkono, lile lingine akaliacha. "Basi mimi nilimhurumia yeye, na wewe umenihurumia mimi. Tazama huruma mbili zilipotufikisha."

Kijana akasema kwa haraka kwamba ana njia. Kwenye kazi yake kulikuwa na mmoja mpya kweli, wa kwenye bwawa, amemwona akiwa hai kwa macho yake, tawi na ua vimeshikana. Hana jina bado. Atampa la shangazi, na mambo yatakwisha.

"Usinipe ua la pole, mwanangu. Huyo wa bwawani mpe jina linalomfaa yeye."

"Na nyumbani? Watasema nini?" Hapo sauti ikampanda. "Unawajua. Watasema hata lile moja ulilokuwa nalo lilikuwa la kubandika."

"Na ni kweli lilikuwa la kubandika." Akacheka kidogo, pumzi zaidi kuliko sauti. "Nikuulize. Nilipovunjika mguu, nani alinibeba mgongoni ngazi zote zile za hospitali, siku lifti imekufa? Ua?"

Pilipili akainamisha kichwa.

"Ulikuwa na miaka kumi na saba, umekonda kama ufito, unatweta, na bado unagombana na mlinzi njia nzima. Nilikuwa nasikia maumivu na nataka kucheka. Sasa unakuja kuniambia sina mtu wa kubeba jina langu?" Akamshika kisogo, gundi na yote, nywele zikamnata vidoleni. "Baba, mimi nilibandika uongo bila kujua. Wewe unataka kuubandika ukijua. Hapo ndipo ulipotaka kuniua."

Alipomwachia, alimkumbusha jambo ambalo kijana alilijua kuliko yeye ila hasira ilikuwa imemfunga akili: kwamba jina lililoanguka halifutwi. Linaandikwa chini ya jina sahihi, kwa herufi za mlazo, ili anayesoma ajue watu walipita wapi kabla ya kufika. Litakaa pale chini. Hata yeye, alisema, hajawahi kukaa juu.

Pilipili akatoa kalamu. Akakata *sijaiona*, akaandika *nimeiona*. Shangazi akakata kijikaratasi cha marekebisho, kama wanavyobandika kwenye karatasi yoyote iliyogundulika kosa, akamsukumia aandike. Kijana akaandika kwamba tawi ni la mmoja, ua ni la mwingine. Kwenye nafasi ya aliyegundua, shangazi akamwelekeza aweke jina lake yeye kijana. Akakataa. Wakavutana kidogo, mmoja akisema kazi ni ya macho yako, mwingine akisema gundi hakuna aijuaye ila wewe, mpaka wakakubaliana kuweka yote mawili, na majina hayakuenea vizuri, ikabidi la pili lipinde kona.

Shangazi akakibandika mwenyewe. Akakipapasa kwa dole gumba mpaka kilipotulia, akaweka kifuko cha mchanga juu yake.

"Siku hizo mbili ulizokaa nayo," aliuliza bila kumtazama, "ulikuwa unalala?"

"Hapana."

"Na mimi niko chumba cha pili, nakoroma."

Kijana akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. Akasubiri amtazame, na alipotazamwa, alisema polepole, kama mtu anayeapishwa.

"Shangazi, nikiona kosa lako tena, nitakuja kwako kwanza, kabla sijagusa kalamu. Liwe dogo, liwe baya kuliko hili, iwe usiku, uwe umelala. Nitakuamsha nikuambie. Nakuahidi."