Pai Isiyo na Uyoga

Nyama ya ng'ombe ilikuwa imeiva na vitunguu mpaka mchuzi ukawa mzito, unang'ang'ania mwiko. Unga uliokandwa kwa siagi baridi ulipumzika chini ya kitambaa. Jumamosi ilikuwa siku ya pai katika nyumba ya yule mama mshonaji, na kila mtu alipata pai yake peke yake, kwenye kibakuli chake cha bati. Mumewe, fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Waya, hakuwa mtu wa kugawana sahani.

Siku hiyo wifi yake alikuwa amekuja kuwatembelea. Alikaa kwenye kigoda akikata uyoga, na mdomo wake, kama kawaida, haukuwa na breki.

"Wifi, uyoga wote huu wa nini?"

"Wa pai zote."

"Hata ya kaka?"

"Yake ndiyo naijaza zaidi. Anaupenda huyo, acha tu."

Wifi akaweka kisu chini. "Kaka yangu mimi? Wifi, utotoni akiuona uyoga sahanini alikuwa anahama meza! Mama alimbembeleza, akamfokea, wapi!"

Mshonaji akacheka. Kisha kicheko kikamkauka. Tangu waoane, Waya alikuwa akila pai zile na kusema, "Tamu, mke wangu," huku akishushia maji glasi kwa glasi, naye akidhani ni kiu ya kazi. Kumbe alikuwa akichezewa shere mezani pake mwenyewe!

Alitenga nyama kabla ya kuchanganya uyoga, akajaza kibakuli kimoja, akakifunika kwa unga na kubana kingo kwa uma. Juu akabandika kifungo kidogo cha unga ili asiichanganye na nyingine. Akazipaka zote yai, akazitia kwenye oveni.

Jioni Waya akarudi na ngazi begani, utando wa buibui wa dari la watu ukiwa nyweleni. Akanawa, akaketi, akapasua pai yake. Akachokoa kwa uma huku na huku. Alipoinua uso, mkewe alikuwa amemkazia macho, na dada yake alikuwa anaikagua taa ya ukutani kana kwamba ndiye fundi.

"Nani kasema?" Waya akauliza.

"Aliyesema ana afadhali kuliko aliyenyamaza! Kwa nini hukuniambia?"

Waya akakuna kichwa. "Siku ile ya kwanza ulikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Ukasimama hapo kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Ningesemaje? Nikasema tamu. Baada ya hapo nikawa nimechelewa."

"Na mashati ninayokushonea, nayo tamu?"

Waya akanyakua glasi ya maji, akainywa polepole sana.

"Sema!"

"Mazuri. Ila lile la zambarau..."

Wifi akaangua kicheko mpaka akapaliwa, na mshonaji, aliyekuwa amejiandaa kununa wiki nzima, akajikuta naye anafuta machozi ya kucheka.

Ndipo Waya akaanza kula. Alikula akiwa amefumba macho, akiguna wimbo usioeleweka, akafukuza mchuzi kwa kipande cha ganda mpaka bati likang'aa. Glasi aliisahau. Mkewe akamtazama, uma ukiwa umesimama hewani. Hakuwahi kuiona sura ile mezani pake. Hasira zote zikamwisha, akabaki kumwonea huruma kwa Jumamosi zote alizomeza bila kutafuna.

"Imebaki nyingine?" Waya akauliza.

"Nilijaza moja tu."

Akaivunja pai yake, akachambua uyoga kipande kwa kipande akiutia kinywani mwake, kisha akamsogezea mumewe nyama.

"Mchuzi una harufu yake," akamwonya.

"Mchuzi nitavumilia," Waya akasema, na safari hii mkewe alijua anasema kweli.