Nafasi ya Jino la Wema

Mjukuu wangu Wema ana miaka kumi na miwili, na chonge lake moja limeota juu ya meno mengine. Shuleni kwao Ikola wanamwita Ngiri. Tabibu mmoja alimtazama tu kwa macho akasema ang'olewe meno mawili mazima ili lile lishuke. Nikakataa. Jino la utu uzima likitoka halioti lingine. Nikamleta Mpanda kwa Daktari Dorice.

Huyu alimng'atisha Wema kitu kama uji mzito, kikaganda, akakitoa mdomoni, akamimina ndani yake plasta, unga mweupe uliokorogwa kwa maji. Yakatoka meno meupe, na chonge limekaa vilevile. Akayaweka mezani, kando yake rula ya shule, akayapiga picha kwa simu yake ya kawaida, picha ikaingia kwenye kompyuta. Akawa anaweka vidoa kwenye ile picha, kila jino ubavu huu na ubavu huu, na namba zinajiandika zenyewe.

Mwisho akasema, "Bibi, nafasi ni ndogo."

Nikajifunga kanga, nikasimama. Nikamshukuru, nikamwambia Wema twende, Mungu ndiye ajuaye.

Wema akanivuta. "Bibi nawe. Nafasi ya jino kukaa, siyo nafasi ya kupona."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kuwa zimepungua milimita tatu tu. Nikamwuliza, picha inaweza kunifanya hata mimi nikawa kama kidole, sasa mashine inajuaje ukubwa wa jino? Akasema ndiyo maana rula ililala pale, kompyuta inapimia hiyo. Mashine kubwa za kazi hii ni ghali, huku kwetu hazifiki; programu hii yeye aliipata bure.

Bado sikuridhika. Mimi nasuka mikeka, napima kwa uzi. Nikachomoa uzi kwenye pindo la kanga, nikaupitisha kwenye jino la mbele la plasta, nikaubana kwa kucha, nikaulaza kwenye rula. Milimita tisa. Daktari akanigeuzia kompyuta. Tisa.

 Kitu hakijagusa jino, hakina mkono wala kucha, na kimelijua kama nilivyolijua mimi niliyelishika.

"Na yale mawili ya kung'olewa?" nikauliza.

"Hatung'oi, Bibi. Tutafunga waya, meno yatasogea taratibu."

Nikamwomba arudie. Akarudia, neno moja moja. Wema alikuwa ameshakaa kwenye kiti, mdomo wazi, kabla hajaambiwa.