Risasi ya Kumwachia Pumzi

Mtu akikuambia "ni ng'ombe tu", muulize kama amewahi kukutana na ng'ombe asiye na mchungaji. Mimi Josephat nimetembea na wawindaji porini zaidi ya nusu ya umri wangu. Nyati nimewaona wakigeuka, simba nimewasikia wakikohoa nyuma ya hema, na bado nasema: dume la ng'ombe aliyezaliwa porini, ambaye hajawahi kufungwa kamba wala kuchapwa fimbo, simpendi kabisa. Nyati anamjua binadamu na anamwogopa kidogo. Huyo mwingine hana hata hiyo adabu.

Huyu wa kijiji cha Sibwesa alitokana na ng'ombe waliobaki msituni wakati wafugaji walipoondolewa. Walizaana humo humo, wakawa kundi, na kila mpunga ukianza kuiva wanashuka mashambani. Dume lao kubwa watu walimpa jina la Mstaafu, eti kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi, ni kula tu. Na mimi ni mstaafu, lakini sikununa, maana jina lilimfaa.

Maiko, mwenyekiti wa kijiji, alikwenda kwa bwana nyama akaambiwa ng'ombe si mnyamapori. Akaenda kwa bwana mifugo akaulizwa namba ya hereni ya huyo ng'ombe. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mpaka Mstaafu alipomtoboa Gaudensia paja, mchana kweupe, akiwa anafukuza ndege shambani kwake, ndipo kibali kikatoka na mimi nikapigiwa simu nyumbani kwangu Kawajense. Nikafunga bunduki zangu kwenye pikipiki, nikaenda.

Nilifikia kwa mdogo wangu Rozalia, ambaye ameolewa hapo Sibwesa na Masudi. Alipoolewa alisilimu akaitwa Rahma. Baba alinuna msimu mzima, halafu akaja kumpenda Masudi kuliko alivyotupenda sisi wanawe. Masudi ndiye mchinjaji wa kijiji. Huku kwetu, awe ng'ombe au kuku wa harusi, anachinja Mwislamu ili kila mtu ale. Hata sisi Wakatoliki tumezoea hivyo, na nyama isiyochinjwa na Masudi tunaiita nyama ya wizi.

Sasa hapo ndipo ulipokuwa ugomvi. Mwaka uliotangulia nilimpiga dume mwingine wa kundi hilo, nikampiga vizuri, risasi ya moyo, akaanguka amekufa. Masudi alifika na kisu chake akakuta mzoga. Nyumba za Wakristo zikapika, nyumba za Waislamu zikakaa zinanusa harufu ya jirani. Rozalia alikuwa amekuja na beseni. Alirudi nalo tupu, na kabla ya kuondoka aliniambia mbele za watu, "Kaka, ulishindwa kumwachia mume wangu hata pumzi moja?" Neno hilo lilinichoma. Nililibeba mwaka mzima.

Basi jioni hiyo, tulipokuwa tunakula ugali na samaki mgebuka wa Karema, Masudi akaanza.

"Shemeji, safari hii umekuja na ipi?"

"Zote mbili. Ile ndogo, 30-06, na ile kubwa, 375."

"Chukua ndogo."

Nikacheka. "Ndogo ni ya swala, shem. Risasi yake ni nyepesi, ina kasi. Shingo ya Mstaafu ni nene kuliko gunia la mpunga. Itaingia kwenye nyama na kulala humo, na yeye atakuja kuniuliza nilikuwa nasema nini."

"Mimi sitaki umuue. Nataka umdhoofishe, nimalize mimi."

"Ng'ombe aliye hai kiasi cha kuchinjwa, ni hai kiasi cha kukuua."

"Kila ng'ombe ninayemchinja yuko hai," alisema Masudi, na kwa hilo alikuwa na haki.

Alikuwa ameshampigia simu sheikh Karema. Sheikh alimwambia mnyama wa kufugwa akiasi akawa wa porini, hukumu yake ni kama ya windo: anayepiga akimtaja Mungu wakati wa kufyatua, nyama ni halali hata kisu kisipowahi. Ila apige Mwislamu. Na katika Waislamu wote wa Sibwesa hakukuwa na hata mmoja mwenye leseni ya bunduki. Nikamwambia Masudi basi bismillahi nitasema mimi, lugha si tatizo. Akaniambia nianze kwa kuacha mbege ya Krismasi, tutazungumza baadaye.

Tulicheka, lakini nilikuwa nawaza. Watu wanadhani kuchagua bunduki ni kuchagua kubwa kuliko zote. Askari mmoja wa pori la akiba alikuwa amejitolea kuja na 458, ile ya kuangushia tembo. Nilimkatalia. Bega langu la kulia liliwahi kuvunjika, na teke la ile bunduki nalijua. Mtu anayeogopa bunduki yake anafumba macho kabla ya kufyatua, na risasi ya mtu aliyefumba macho, hata iwe nene namna gani, inaua udongo. Ile 375 naiweza. Ndiyo kubwa ya mwisho ninayoweza kuipiga nikiwa nimefumbua macho.

"Nitachukua 375," nikasema, "na risasi ngumu, ile isiyopasuka ndani. Lakini sipigi moyo. Nitampiga uti wa mgongo, kwa nyuma, juu ya nyonga. Atakaa chini kama mbwa. Miguu ya nyuma haitamsaidia tena, na pumzi atakuwa nayo. Wewe utapitia nyuma."

Masudi alinitazama kwa furaha ambayo nilijisikia vizuri kuiona. Rozalia alituletea maji ya kunawa, akammiminia mumewe, akanimiminia na mimi. Sisi tulikuwa tumeshahamia kwenye habari za upepo.

Asubuhi tulimkuta upande wa chini wa mashamba, ambako mpunga unaishia na miombo inaanza. Maiko na wanaume wengine niliwaacha mbali. Mimi na Masudi tulisogea hadi kwenye kichuguu, yeye nyuma yangu na kisu chake kikiwa alani. Mstaafu alikuwa amesimama ubavu, mwekundu, nundu imeinama upande mmoja, pembe moja imekatika ncha. Alikuwa anakula mpunga wa watu bila wasiwasi wowote. Nilimwona jinsi alivyonona nikamchukia.

Nilifyatua. Alikaa chini papo hapo, kama nilivyosema. Nasema hivi bila majivuno, ilikuwa risasi nzuri.

Ila kuna jambo ambalo sikulipima. Nyati akivunjika mgongo nimemwona akilia palepale alipoangukia. Mstaafu hakulia. Alisimamisha miguu ya mbele, akaanza kujivuta, akizunguka, pembe zikifagia mpunga. Masudi alikuwa ameshaondoka nyuma yangu. Mchinjaji akiona mnyama yuko chini, miguu yake haingoji kuambiwa, maana kazi yake yote ni kuwahi. Alizunguka kwa nyuma tulivyokubaliana, lakini nyuma ikawa haipo tena. Dume aligeuka, pembe nzima ikamkamata suruali kwenye paja, ikamtupa.

Nikainua bunduki. Na hapo ndipo nilipoielewa ile risasi ngumu niliyoichagua kwa akili zangu zote. Haipasuki, haibaki ndani, inapita. Masudi alikuwa amelala upande wa pili wa ng'ombe, kwenye mstari wangu ule ule. Ningempiga dume kifuani, risasi ingetokea upande wa pili na kumkuta mume wa mdogo wangu.

Nilikimbia kuzunguka. Mzee mimi, na magoti haya. Mpunga ulinishika miguu, tope likanivua kiatu. Nilikuwa naona kichwa cha Mstaafu kikiinama na kuinuka, na mguu wa Masudi ukisukuma udongo, akijiburuta kinyumenyume kwa viwiko, na lile dume likijiburuta kumfuata, wote wawili hawana miguu. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo kwa ajili ya nafsi yangu.

Nilipofika upande ulio salama, Masudi alikuwa bado na kisu mkononi. Shingo ilikuwa karibu, na nilimwona akiipima kwa macho. Nilimwona kabisa. Halafu akamtazama yule mnyama usoni, jinsi povu lenye damu lilivyokuwa linamtoka na jinsi alivyokuwa anahema.

"Mpige, shem," akasema. "Anateseka."

Nilimpiga kichwani.

Maiko alifika akihema, na wenzake nyuma. Miguu ya mbele ya Mstaafu ilikuwa bado inarukaruka. "Chinja upesi," Maiko akamwambia Masudi, "si bado anacheza? Chinja, nani atajua?" Hakusema kwa ubaya. Alitaka kijiji kizima kile, na mimi pia nilitaka. Moyoni nilikuwa namwambia Masudi achinje, tuondoke, yaishe.

Masudi alichechemea mpaka kwenye kichwa. Akachuma jani la mpunga, akaligusisha kwenye jicho la ng'ombe. Jicho halikupepesa. Akagusa tena.

"Amekufa," akasema. "Gaweni nyie. Sisi tusiwekwe kwenye mgao."

"Masudi, ni wewe tu umeona," Maiko akasema.

"Basi yatosha mmoja kuona."

Nikamshika mkono, tukaondoka. Paja lilikuwa limechanwa juu juu tu, lakini damu ilijaza kiatu. Njia nzima nilikuwa namwomba msamaha na yeye alikuwa ananituliza, eti risasi ilikuwa nzuri, eti pumzi nilimwachia kama nilivyoahidi, kosa ni lake kwa haraka zake. Mtu anavuja damu halafu anakubembeleza wewe mzima. Nilitamani kulia.

Rozalia alikuwa mlangoni na beseni lake. Nilimwona, nikaanza kutafuta maneno tangu mbali. Nilijua atasema nini. Mwaka wa pili, kaka yake yule yule, na beseni tupu.

Alitia maji ya moto kwenye lile beseni na chumvi, akamkalisha mumewe kwenye kigoda, akaanza kumwosha paja. Masudi akamweleza yote, ya jicho na ya Maiko, akamalizia kwa kusema, "Nisamehe, mama. Na mwaka huu tena watoto watanusa tu."

Nikaingilia. "Kosa ni langu, Rozalia. Uliniambia nimwachie pumzi, nikamwachia. Ningechukua ile ndogo labda…"

"Wewe nyamaza," akasema.

Aliendelea kuosha. Niliona maji ya beseni yamekuwa mekundu.

"Mwaka jana nilisema neno kwa sababu ya njaa ya nyama," akasema. "Siku moja ya hasira. Mkalichukua neno hilo mkaenda kulipimia bunduki. Jana mmekaa hapa mnapanga, hii ndogo, hii kubwa, hii inapita, hii inabaki, na mimi nawamiminia maji. Hakuna aliyeniuliza."

"Tulidhani ndivyo unavyotaka," nikasema.

"Kaka, kuna ng'ombe wengine huko msituni, na najua watu watakuita tena. Ukija, usimuulize Masudi unatumia bunduki gani, wala usimuulize mwenyekiti." Akakamua kitambaa. "Uniulize mimi. Eda ningekaa mimi."