Dripu ya Aprili

Kila mwaka baridi ya Aprili ilipoanza kuuma, ukoo wa Merepeka ulifunga nyumba zake huko Bluff, bandari ya kusini ya mbali, ukavuka kwenda kisiwani kwao kuwinda makinda ya ndege wa bahari. Haki ya kuwinda kisiwani kule hupita katika damu. Tajiri akiitaka, atasubiri mpaka aote mvi. Merepeka alianza kuvuka akiwa mgongoni mwa mama yake.

Na kisiwa hichohicho ndicho kilichomponza. Kunyonyoa makinda hujaza manyoya puani, watu hupenga damu, na hakuna anayehangaika. Basi Merepeka alipoendelea kupenga damu hadi Krismasi, wakamcheka kwamba bado ana ndege kichwani. Viungo vikamuuma, akasingizia uzee. Alipokohoa damu na mkojo ukawa kama chai ya rangi, ndipo akapelekwa hospitali, na figo zimeshaharibika.

"Askari wa mwili wako wamekugeuka," Daktari Fenwick alimwambia. "Wanashambulia vishipa vidogo vya damu. Vya pua, vya mapafu, vya figo."

"Nani kawatuma?"

"Hatujui. Labda vumbi, labda vijidudu, labda umezaliwa na mwelekeo huo. Tunachoweza ni kuwatuliza."

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Merepeka kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Wakawatuliza kwa vidonge vilivyomvimbisha uso mpaka akawa anakwepa vioo, na kwa dripu kila baada ya miezi sita. Ugonjwa ukalala. Lakini msimu mmoja alishaukosa, na sasa dripu iliangukia siku ileile ya kuvuka. Alikitamani kisiwa mpaka roho ikamuuma: kulala kifudifudi kwenye udongo mweusi, mkono shimoni hadi begani, vidole vikipapasa joto la kinda. Akapiga simu hospitali, akasema ana mafua, akafunga mizigo.

Gatini, mdogo wake, Teone, alimkuta amekalia gunia la chumvi, leso puani.

"Dada, leo si siku ya dripu?"

"Wameahirisha."

"Ehe. Na hiyo leso?"

"Manyoya tu."

"Manyoya gani, na hatujanyonyoa hata ndege mmoja? Hebu nione."

"Teone, usinivunjie heshima mbele za watu!"

"Heshima nitakurudishia. Uhai siwezi."

Akamfumbua vidole kimoja kimoja. Leso ilikuwa imelowa damu mbichi. Mficha maradhi kifo humuumbua; Merepeka aliumbuliwa mapema, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake, ingawa siku ile hakuiona. Alilia kwa hasira, mbele ya wote.

"Kama ni kufa, nataka nifie kule."

"Ukizidiwa kule, na ukungu umezuia helikopta, nani akuwekee dripu? Mimi? Mimi hata sindano ya kushonea inanishinda."

Mkewe Teone, Riria, akampeleka hospitali. Boti ikaondoka, na Merepeka hakugeuka kuitazama.

Mwisho wa Mei Teone alirudi akinuka moshi, akaenda moja kwa moja jikoni kwa dada yake na ndoo ya makinda yaliyotiwa chumvi.

"Najua daktari kakukataza chumvi. Nitayachemsha, nimwage maji, nichemshe tena, mpaka yakose ladha kama chakula chao cha hospitali."

Merepeka alicheka. Akafunua ndoo, akainama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena.

"Mwaka huu mmeleta makinda gani? Hayanuki kabisa."

Riria aliingia wakati huo, akakimbilia dirisha.

"Jamani, harufu gani hii! Tangu barabarani naisikia!"

Merepeka alifumbua macho, akamtazama mdogo wake. Akajigusa pua, taratibu. Ugonjwa ulikuwa umelala tena, lakini ulichokwisha kula haukukirudisha.

"Keti," alisema. "Niambie inanukaje. Usiruke hata kitu kimoja."

Teone, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikaa akikunjakunja kofia.

"Udongo," alianza. "Udongo uliolowa, dada. Na mafuta. Na nyumba ya mama, moshi wake ule..."

"Endelea," alisema Merepeka.