Shokapu za Kumbeba Mama Mkwe

Usiku wa jana niliota shokapu mbili zimekaa mezani kwangu zinakunywa chai. Nilizijua. Ni zile kuukuu za nyuma za pikipiki yangu, na zilikuwa zimevuja mafuta mpaka kitambaa cha meza kimelowa. Ya kushoto ilikuwa imemaliza kikombe chake. Ya kulia ilikuwa bado inapuliza, inalalamika kwamba siku hizi chai ya nyumba hii haina tangawizi.

"Kaa," ikaniambia ya kushoto. "Leo tunataka jibu."

Nikakaa. Sikushangaa hata kidogo, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka sasa.

Inabidi nieleze habari ya pikipiki yenyewe. Ni pikipiki ya porini, ya mwaka sabini na saba, niliachiwa na bwana misitu alipostaafu. Kijijini kwetu Itungulu ni hiyo tu inayoweza kupanda mlima mpaka Lugodi, kwa wakwe zangu. Hizi bodaboda mpya zinafika kwenye jiwe la kwanza, zinafikiri kidogo, zinageuza.

Mama mkwe wangu haoni. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na Alhamisi ijayo madaktari wa macho watakuwa hospitali ya wilaya kwa siku mbili. Kumshusha si kazi. Kazi ni kumrudisha, kwa sababu nesi alisema jicho lililotoka kufanyiwa upasuaji lisitikiswe. Barabara ya Lugodi haina kitu kingine cha kumpa mtu zaidi ya kumtikisa.

Kwa hiyo niliagiza shokapu mpya mjini. Muuzaji aliniuliza kwenye simu: dereva kilo ngapi, abiria kilo ngapi? Springi huchaguliwa kwa uzito wa wanaokaa. Ikiwa laini mno inashuka yote na kugonga chini, ikiwa ngumu mno inakurusha kama mahindi kwenye ungo. Wangu nikasema sabini na mbili. Wa abiria nikasema nitampigia asubuhi, kabla gari la mizigo halijaondoka.

Sasa, kwetu mkwe hamuulizi mama mkwe uzito wake. Kwetu mkwe hamuulizi mama mkwe kitu chochote. Nina miaka kumi na minne tangu nimwoe Ezelina, mama wa mwanangu Tulizo, na sijawahi kumtazama mama yake usoni. Nikimwona njiani naingia kwenye shamba la watu mpaka apite. Akiwa na neno na mimi, anamwambia kuku aliye karibu, na mimi nasikia.

Nilimuuliza Ezelina. Alinitazama muda mrefu, kisha akaendelea kumenya viazi.

Basi nikaamua mwenyewe. Nitasema hamsini na tano. Niliona ni kilo zenye heshima, mwanamke wa watu asije akasemwa mjini kwamba ni mzito. Fundi Kaduma, anayenitengenezea pikipiki, alitikisa kichwa. Alisema mawe ya Lugodi hayajui heshima.

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo sikumwambia hata Kaduma. Tutakaaje juu ya kiti kimoja, mimi na mama mkwe, bila kugusana? Nilikuwa nimepanga kusimamisha gunia la viazi katikati yetu, liwe ukuta. Mpango huo ulikuwa kichwani mwangu tu.

Turudi mezani.

"Abiria kilo ngapi?" inauliza shokapu ya kushoto.

"Hamsini na tano."

Ya kulia inakohoa, mafuta yanaruka. "Hayo mtamalizana na wenzetu," inasema. "Sisi tumeshastaafu."

Nikainua macho, jikoni pamekuwa duka la vipuri. Rafu zinafika mbinguni, na kila rafu imejaa shokapu, zimekaa mbili mbili kama wanakwaya. Nyuma ya kaunta yupo muuzaji. Ana sauti ile ile ya simu, lakini mwili wake ni pampu ya baiskeli.

"Tuanze na urefu," anasema. "Tundu hadi tundu."

"Sentimita thelathini na nne," nasema. Hilo nilikuwa nimelipima vizuri kwenye zile kuukuu, tundu la bolti la juu hadi la chini.

Hakunisikiliza. Akachukua futi kamba akanipima mimi, kutoka tundu la sikio hili hadi tundu la sikio lile, akaandika. "Wewe ni mfupi," akasema. "Ungefungwa kwenye pikipiki, ungeburuza."

Nikamwomba radhi.

Mteja mmoja anapita nyuma yangu kwa shida. Bega lake la kushoto liko kwenye kiuno, la kulia limegusa dari. Amevaa suti, na kofia yake inaanguka kila hatua.

"Huyu alibadilisha moja tu," anasema muuzaji. "Tulimwambia zinabadilishwa zote mbili. Akasema ile nyingine bado nzima."

"Ilikuwa bado nzima," anasema mteja kutoka darini, na kutoka nje.

Kisha shokapu zikaanza kujinadi. Jozi moja nene yenye springi nyekundu ikaruka kwenye kaunta bila kuitwa. "Sisi tumebeba mkaa, magunia manne na mwenye mkaa," ikasema. Nyingine nyembamba, inayong'aa, ikasema yenyewe huwa inapandwa na padri peke yake, tena padri aliyefunga. Nyingine ikasema haijawahi kubeba mtu ila iko tayari kujifunza. Zote zikamaliza kwa swali moja: abiria wako kilo ngapi?

"Hamsini na tano," nikasema.

Duka zima likakohoa.

"Haya," akasema muuzaji. "Tujaribu hiyo hamsini na tano yako."

Akafunga jozi ya kilo hizo kwenye pikipiki yangu, ambayo sikuwa nimeiona ikiingia. Juu ya kiti, pale nyuma, akaweka yai bichi. Kisha akafungua mlango wa uani na barabara ya Lugodi ikaingia dukani na mawe yake yote, na kile kidaraja cha miti miwili, na makorongo. Ilipangusa miguu kwenye mkeka kwanza. Ikaanza kupita chini ya pikipiki.

Jiwe la kwanza, shokapu zilishuka. Jiwe la pili zilishuka zaidi. Jiwe la tatu hazikuwa na pa kushukia tena, chuma kikagonga chuma, na yai likapasuka. Ute ukatiririka kwenye tairi.

Hakuna aliyeniambia yai lile ni nini. Sikuhitaji kuambiwa. Niliogopa, tena niliogopa vibaya. Mwanamke yule alinipa binti yake wakati sina hata jembe langu mwenyewe, na mimi nilikuwa ninakwenda kumpasulia jicho kwa adabu zangu.

"Yai jingine lipo?" nikauliza.

"Lipo moja," akasema muuzaji. "Ana macho mawili."

Ndipo niliposikia kandambili zinakuja. Nazijua kandambili zile, moja imeshonwa kwa waya. Nikageukia ukuta kama inavyotakiwa, lakini ukuta ulikuwa umeondoka, pale pamekuwa shamba la viazi na mama mkwe anakuja katikati ya matuta akipapasa kwa fimbo. Nikageukia upande wa pili. Anakuja kutoka huko pia. Nikachukua helmeti nikaivaa kinyume, kioo kisogoni, na giza likanisaidia.

Gunia langu la viazi lilikuwa limesimama kati yetu. Sikumbuki kulileta.

"Wewe gunia," akasema mama mkwe. "Muulize baba Tulizo anatafuta nini."

"Mama anauliza unatafuta nini," likasema gunia. Lilikuwa na sauti nyingi ndogo, zinazobingirika.

"Mwambie nachagua shokapu."

"Anachagua shokapu, mama."

"Mwambie nasikia. Mbona hachagui?"

Jasho lilikuwa linanitoka ndani ya helmeti. Mwishowe nikasema, "Gunia, mwambie mama kuna kitu sikijui. Nikimuuliza nimemkosea. Nisipomuuliza nitamwumiza."

Gunia liliyasema yote hayo neno kwa neno, likaongeza na kikohozi changu.

Mama mkwe alifikiri. Niliisikia fimbo yake ikichora chini.

"Mwambie hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza hilo," akasema. "Hata marehemu mzee. Alinibeba mgongoni siku mto ulipofurika, nina mimba ya Ezelina, na hakusema kilo ngapi. Alisema, 'Shika vizuri.' Tukavuka."

"Alisema shika vizuri," likasema gunia.

"Nimesikia," nikasema.

"Basi mwambie asiulize. Asikilize."

Nikasikia kandambili zinavuliwa. Nikasikia kiti cha pikipiki kikilia. Alikuwa amepanda. Na zile shokapu kuukuu, zilizokuwa mezani kwangu zinakunywa chai, zilikuwa zimerudi mahali pake chini ya kiti, zikaanza kuhesabu kwa pamoja, polepole, kama watu wanaoshusha ndoo kisimani.

"Arobaini. Hamsini. Hamsini na tano." Hapo hazikusita hata kidogo. "Sitini. Sitini na tano. Sitini na saba. Sitini na nane." Zikanyamaza. Ya kulia ikasema, "Na kidogo." Ya kushoto ikasema, "Hicho kidogo ni kanga." Zikabishana kidogo juu ya kanga.

Kutoka rafu ya chini kabisa, ndani ya gazeti la zamani, jozi moja ikasema, "Ni sisi."

"Mbona mlikuwa kimya muda wote huo?" akauliza muuzaji.

"Mlikuwa mnaita wa hamsini na tano."

Zikafungwa. Mama mkwe hakushuka, alikaa pale pale, na kwenye mapaja yake akashika yai la mwisho kwa mikono miwili. Nilikaa mbele yake na helmeti yangu kinyume, gunia likasimama katikati, na barabara ikaanza kupita chini yetu. Jiwe la kwanza, tulididimia kidogo, tukainuka. La pili hivyo hivyo. La tatu nilifumba macho ingawa nilikuwa sioni kitu. Tulididimia, tukainuka. Makorongo yalipita yakatuamkia. Kidaraja kilipita. Sikusikia kitu kikipasuka.

"Gunia," akasema mama mkwe tulipokaribia Lugodi.

"Naam, mama."

"Wewe una viazi?"

"Ndiyo, mama. Viazi mviringo."

"Vinanichoma mbavu. Mwambie baba Tulizo siku yenyewe aweke pumba."

Gunia halikuyafikisha maneno hayo. Nafikiri liliumia. Nilikuwa natafuta neno la kulituliza ndipo nikahisi mtu ananitikisa bega, na nikafikiri, basi, hizi shokapu nazo zimekufa.

Alikuwa Ezelina. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Mkono mmoja alikuwa ameshika ufagio, mwingine ameshika simu, ameifunika kwa kiganja.

"Mama anapiga kutoka kwa jirani yake," akasema. "Ana neno lako. Mimi sijalielewa hata kidogo."

"Anasemaje?"

"Anasema gunia liwe la pumba. Lisiwe la viazi." Akanikunjia uso. "Gunia gani?"

Nilikaa kitandani. Miguu yangu iligusa sakafu, na sakafu ilikuwa baridi, ya kawaida kabisa.

"Mwambie sawa," nikasema.

Akamwambia. Wakaagana. Ezelina akaniachia simu kitandani akaanza kufagia, akinungunika kwamba pumba ni za nguruwe na nguruwe wenyewe hazijawatosha.

Nikampigia muuzaji. Alipokea upesi, nyuma yake nikasikia watu wanapakia mizigo.

"Ehe, kaka. Gari linataka kuondoka. Abiria kilo ngapi?"

"Sitini na nane," nikasema.

Ufagio ulisimama. Ezelina aligeuka akanitazama muda mrefu, kama jana kwenye viazi. Yeye ndiye humpeleka mama yake kliniki, na kadi ya kliniki hukaa kwenye sanduku lake, na ufunguo wa sanduku hukaa shingoni mwake.

"Na nusu," akasema, akaendelea kufagia.