Mguu wa Hoyt

Ukisoma chochote kilichoandikwa kuhusu albamu ya kwanza ya bendi ya Catface, lazima ukutane na matusi dhidi yangu. Mwandishi huanza vizuri. Atasifu magitaa mawili yanayozungumza kama ndugu waliogombana, atasifu sauti ya Hoyt Thrift, atasema roki ya Kusini mwa Marekani ilizaliwa mara ya pili siku ile. Halafu atakohoa kidogo na kuongeza kwamba kila wimbo unaanza mwendo wa kanisani na kuishia mwendo wa kufukuzwa na mbwa, na kosa hilo ni la mpiga ngoma.

Mpiga ngoma ni mimi, Talmadge Dowling. Wenzangu wote wako chini ya udongo, kwa hiyo lawama za bendi nzima, hata za besi, huletwa kwenye trela langu. Sizikatai. Wake zangu waliondoka mmoja mmoja, trela la kwanza liliungua na kila kilichokuwamo, na goti la kushoto nililiacha kwenye barabara ileile iliyomchukua Hoyt. Mtu kama mimi akiambiwa alikuwa na mbio, anashukuru.

Asubuhi moja ya mwezi Machi, Ouida, mjane wa Hoyt, alisukuma mlango wangu bila kubisha. Alikuwa na boksi jeupe kwapani. Kampuni iliyonunua nyimbo zetu ilikuwa imeitoa upya ile albamu kwa kuwa imetimiza miaka hamsini. Juu ya boksi waliandika kwamba sauti imesafishwa.

"Tal, amekubali," akasema kabla hajakaa.

"Nani? Kuna mtu nilimchumbia?"

"Acha upuuzi wako. Purvis. Amekubali kuisikiliza."

Nilizima jiko. Uji wa mahindi ulikuwa umeshaungua, lakini hata usingeungua nisingeula tena.

Purvis ni kaka mkubwa wa Hoyt, na ndiye mzee wa kanisa la Bethabara, lile jengo la mbao zisizopakwa rangi ndani ya misonobari. Humo hakijawahi kuingia chombo cha muziki hata filimbi. Watu huimba kwa midomo mitupu, polepole, na mzee hushika mwendo kwa kupiga kisigino sakafuni. Hoyt alilelewa humo. Aliposhika gitaa na kuanza kuimba kwenye baa za Waycross na Jacksonville, kanisa lilikaa kikao chake cha Jumamosi likamwondoa katika ushirika. Aliyesimama kusoma uamuzi ule ni Purvis. Mwaka albamu ilipotoka, gari letu likaingia chini ya lori la magogo kwenye barabara ya Folkston, na Hoyt akazikwa nje ya uzio wa waya wa makaburi ya Bethabara. Si mbali. Baba yake na mama yake wako ndani, yeye yuko nje, kati ya waya na mtaro wa barabara. Ukinyoosha mkono unamgusa mama yake.

Ouida hakuwahi kutaka jambo jingine maishani zaidi ya waya ule kusogezwa. Lakini waya hausogezwi mpaka kanisa limrudishe marehemu kwenye ushirika, na kanisa hufuata neno la Purvis. Tangu akiwa mjane mbichi alikuwa akimwambia, "Shemeji, isikilize mara moja tu, halafu uniambie dhambi iko wapi." Na shemeji alikuwa akitikisa kichwa. Sasa mapafu yake yamechoka, daktari anasema hatamaliza kiangazi, na ghafla amesema leteni.

"Kwa nini sasa?" nikauliza.

"Sikumuuliza. Ningemuuliza angekumbuka kukataa."

Tulimkuta barazani kwenye kiti chake cha bembea, mrija wa oksijeni puani, kofia magotini. Nilitaka kuingiza mashine ya santuri ndani, akanizuia kwa kidole. Ikae hapohapo nje, kwenye mbao.

"Talmadge. Bado unapiga ngoma?"

"Goti limegoma, Mzee. Siku hizi napiga soga."

"Hiyo hukuhitaji kufundishwa."

Nikaweka sindano. Wimbo wa kwanza unaanza na gitaa moja tu, kama mtu anayeita mbwa wake jioni, halafu la pili linaitikia kwa mbali, halafu sisi wote tunaangukia ndani. Nilikuwa sijausikia miaka mingi. Ulitoka mweupe, unang'aa kama meno ya bandia. Kila kitu kilisikika, na mimi sikusikia kitu. Ouida alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, macho hayabanduki usoni kwa shemeji yake. Upande wa kwanza ulipoisha, Purvis akauliza:

"Huyu nani?"

"Hoyt, shemeji! Humsikii?"

"Sauti nimeisikia. Mguu wake uko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikatamani kulipiga teke lile boksi. Albamu ile tuliirekodi kwenye ghala la zamani la tumbaku lenye sakafu ya mbao. Hoyt hakuweza kuimba bila kupiga kisigino. Ndivyo alivyofundishwa kuvuta pumzi. Fundi wa sauti aliweka zulia, akaweka mto, akamvua kiatu. Hoyt akapiga peku. Mwishoni fundi akatupa mikono juu akasema basi, mshindo na ubaki. Kwa hiyo chini ya kila wimbo, chini hata ya ngoma zangu, kulikuwa na mshindo wa kisigino cha binadamu. Ndiyo maana watu waliipenda bila kujua wanapenda nini. Sasa kijana fulani mwenye kompyuta amekutana na mshindo ule, akadhani ni uchafu, akaufuta.

"Nimeuosha mguu ule," Purvis akasema. Pale Bethabara ndugu huoshana miguu mara moja kwa mwaka, kwa beseni na taulo, na wao wawili walikuwa wakioshana tangu ujana. "Naujua kuliko wa kwangu. Hapa haupo. Ondoeni hiki kitu."

Ndani ya gari Ouida hakulia. Alikuwa amekishika kitasa cha mlango kana kwamba ndicho kinachomshika yeye. "Tafuta ya zamani," akasema.

Yangu iliungua na trela. Ya kwake aliipiga mpaka ikawa inakoroma tu. Iliyobaki katika wilaya nzima, kwa tulivyojua, ilikuwa kwa Vonceil Harrell, mwenye hoteli ya kambare karibu na daraja la Satilla. Aliitundika ukutani ndani ya fremu, juu ya karai la mafuta, na ilikuwa imekaangwa pamoja na samaki miaka yote.

"Ile haiguswi," Vonceil akasema. "Ndiyo inayoushikilia ukuta."

"Tunaiazima tu."

"Wewe Tal uliazima mashine yangu ya kukatia nyasi marehemu mume wangu akiwa hai. Iko wapi?"

"Naye yuko wapi? Vyote viwili vimepumzika, mama."

Alinitishia kwa mwiko. Lakini Ouida alipomwambia ni ya kumpelekea Purvis, aliweka mwiko chini, akapanda kwenye stuli mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu. Tuliiosha santuri kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, naye akaipangusa kwa aproni yake, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. "Nilikuwa pale ghalani," akasema. "Nilikuwa na nywele mpaka kiunoni."

Tukarudi barazani. Safari hii sindano iliposhuka kulikuwa na vishindo na mikwaruzo, mafuta bado yanachemka mle ndani. Gitaa likaita. La pili likaitika. Na chini kabisa, kwenye mbao, dum. Dum. Dum.

Sina haya kusema kwamba nilishika nguzo ya baraza. Nilimsikia Hoyt amesimama pale na suruali yake iliyochanika. Nikasikia kitu kingine pia. Mguu ulikuwa mbele ya ngoma zangu. Katika kila wimbo Hoyt anaondoka, mimi namkimbilia nyuma, besi inanikimbilia mimi. Katika ule wimbo wa polepole wa mwisho wa upande wa kwanza, wa mwanamke anayeanua nguo mvua ikinyesha, unasikia kabisa anavyonivuta shati.

Purvis alikuwa amefumba macho. "Anakimbia," akasema.

"Mzee?"

"Hoyt. Alikimbia hivyohivyo tangu mtoto. Baba alikuwa akimfinya kwenye benchi, yeye anazidi kukimbia."

"Mzee Purvis, maneno hayo unaweza kuniandikia? Kuna watu wa magazeti nataka kuwaonyesha."

Mdomo wake ulijikunja upande mmoja. Ouida aliona, akadhani mlango umefunguka. Akainama mbele. "Sasa umemsikia, shemeji. Ni huyohuyo. Hakubadilika."

Purvis alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuipata ya kusemea. "Ule ni mguu wa Bethabara," akasema. "Miaka yote nilijiambia kwamba aliuacha mlangoni alipotoka. Nilikuwa najifariji kwa hilo. Kumbe alikwenda nao baa."

"Basi si unaona..."

"Naona ni vibaya zaidi, Ouida. Waya hausogei."

Ouida alisimama. Alivaa koti, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni. "Ozea hapo na waya wako," akasema, akashuka ngazi. Nami nikaanza kuchomoa nyaya za mashine nimeinamisha kichwa. Katika maisha yangu nimefukuzwa kwenye baraza nyingi, najua namna ya kufungasha haraka.

"Acha hiyo," Purvis akasema.

"Santuri ni ya Vonceil, Mzee, ataniua."

"Nimesema acha. Nionyeshe tu pa kuweka sindano."

Nilimwonyesha. Mara ya kwanza sindano iliruka, akajaribu tena.

Mwezi Mei alinipigia simu nimpeleke kwenye kikao cha Jumamosi, kwa kuwa hawezi tena kuendesha. Mimi si mshirika, nikabaki garini. Lakini madirisha ya Bethabara ni ya mbao na yalikuwa wazi, nikasikia kila neno. Kanisa zima lililobaki ni wazee watano, na Purvis akiwa mmoja wao. Waliimba, wakaomba, kisha ikaulizwa kama kuna mwenye shtaka.

"Ninalo," Purvis akasema.

"Dhidi ya nani, Ndugu Purvis?"

"Purvis Thrift. Amesikiliza ala za muziki kwa hiari yake, kila siku, na akishamaliza anarudia."

Kisha Ndugu Alvah, ambaye amekuwa rafiki yake tangu wakivaa kaptura, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Sema tu unajuta, Purvis, tuendelee na mengine."

"Sijuti. Nikisema najuta nitakuwa nimeongopa, mtanitoa kwa uongo."

"Lakini wewe ni mgonjwa!"

"Kanuni haina mgonjwa. Hoyt alikuwa na afya njema nikamtoa. Pigeni kura."

Walipiga. Nilisikia bibi mmoja analia kama anayekohoa. Ilipofika zamu ya kusoma uamuzi, hakuna aliyeweza kusimama, kwa sababu tangu zamani msomaji alikuwa yeye. Basi akausoma mwenyewe, wote, mpaka mwisho, bila kuruka neno.

Nilimsaidia kupanda garini. Nilikuwa na mzaha mdomoni, nikaumeza. Barabarani nikasema, "Mzee, kusogeza waya kungekuwa rahisi kuliko haya."

"Waya si wangu kuusogeza," akasema. "Mimi ni wangu." Halafu, tulipokaribia kwake: "Ongeza mwendo kidogo. Upande wa pili sijausikia leo."

Alikufa mwezi wa Juni, na kwa kuwa hakuwa mshirika tena, hakuwa na haki ya kulala ndani ya waya. Ubavu mmoja wa Hoyt ni mtaro, mwingine ni waya, na kichwani ni nafasi ya Ouida. Purvis alikuwa ameomba alazwe miguuni pa Hoyt.

Siku ya mazishi wale wanne walisimama upande wao wa waya, sisi upande wetu: mimi, Ouida, na Vonceil aliyekuja na sinia la keki ya pichi na santuri yake imefungwa kwenye taulo, maana alishapita barazani kuichukua. Ouida alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili, pale kwenye nguzo, akiutikisa kidogo, kama anayejaribu jino.

"Hoyt hajaingia," akaniambia.

"Hajaingia."

"Badala ya kumwingiza amemfuata. Nani amemtuma? Nilimwomba kitu kimoja tu."

Upande wa pili wakaanza kuimba. Sauti nne, zote zimezeeka, na hakukuwa na mtu wa kushika mwendo. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukaanza kulegea, mmoja yuko mbele, mwingine nyuma, Alvah anatafuta kwa macho mtu ambaye tulikuwa tumesimama kando ya kaburi lake. Wimbo ulikuwa unaelekea kufa hapohapo mbele yetu.

Ouida alinisukuma kwa kiwiko. "Wewe si mpiga ngoma? Fanya kitu."

Nikanyanyua mguu wangu ulio mzima nikapiga kisigino chini kwa nguvu zangu zote. Lakini makaburi ya Bethabara hayana nyasi. Wenyewe huyakwangua mpaka ubaki mchanga mtupu, ndani na nje ya waya, na mchanga hautoi sauti. Nikapiga tena. Nikaendelea kupiga mpaka kisigino kikachimba shimo, na ng'ambo ya waya hakuna aliyesikia.