Shamba Jeupe la Kwamsisi

Wakubwa waliahidi barabara. Kilichofika Kwamsisi, Handeni, ni kifusi, wakakimwaga kando ya shamba la mzee Mhina na kwenda zao. Mvua ya kwanza tu, kifusi kikaota majani kama ya karoti, yenye vijiua vyeupe. Mhina akamwendea Athuman, mwenyekiti wa kijiji.

"Maua hayo, mzee. Kwani yamekuuma?"

"Mbuzi wanayanusa na kuyapita. Kitu kilichomshinda mbuzi wewe unakiita maua?"

Athuman alicheka hadi akashika mbavu.

Mhina hakuwa na kingine ila shamba lile. Mkewe, Rukaya, alizikwa pale pale, na binti yao Zamda, aliyeolewa Kilole, Korogwe, hakukata simu bila kumwambia baba ahame. "Nikishindwa kulima ndipo uje unichukue," Mhina alimjibu.

Gugu likaingia kwenye mahindi. Hakuna aliyejali, mpaka iliposikika kuwa mheshimiwa atapita kuikagua barabara. Hapo Athuman akaitisha msaragambo, kijiji kizima kikaingia shambani na majembe. Waling'oa kama mama zao walivyowafundisha kupalilia: kila shina walilikung'uta udongo kwenye mpini, pa! pa!, kisha wakalilaza kati ya mistari likauke. Lakini gugu karoti lilikuwa limeshakomaa. Kila lilipokung'utwa, vijimbegu vyeusi vilimwagika kama baruti.

"Jamani, tuyakusanye tuyachome!" Mhina alisema.

"Moshi, na mheshimiwa yuko njiani?" Athuman akamkatiza. "Mzee, usinitie aibu."

Mheshimiwa alipita na vioo vya gari vimefungwa.

Masika yaliyofuata, shamba lote likawa jeupe. Mhina alilima peke yake. Alikopalilia leo, baada ya wiki kulikuwa kumeota tena. Mikono ikajaa vipele, vikatoa maji. Kifua kikabana. Mahindi yakasimama magotini, ya njano, hayapandi wala hayafi. Siku moja jembe lilimtoka mkononi, akaketi chini katikati ya yale maua, akashindwa kuinuka.

Zamda alimkuta hivyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunichukua?"

"Mikono gani hii, baba? Kenge ana nafuu!"

Zamda alitaka baba acheke. Mzee hakucheka. Aliomba amuage Rukaya kwanza, wakaenda wakipasua gugu lililowafika kifuani, mzee akikohoa. Kabla hawajafika kaburini pumzi ikamwishia, Zamda akamrudisha akimshika kiunoni.

Sasa anakaa Kilole, barazani kwa mkwewe, akijikuna. Juzi mpita njia mmoja alimsalimu, akamuuliza kama huko Handeni mwaka huu wamelima.

"Wamelima wakubwa," Mhina alisema. "Na zao limewakubali, shamba lote jeupe."

Yule mtu alimpa hongera, akaenda zake.